Seyyid Said: Mtawala aliyejaribu miwa, akatajirika kwa karafuu

UKITAJA karafuu kwa mkulima wa Wete, Mkoani au Chake Chake, umetaja ada ya skuli, bati la nyumba na mahari ya kijana. Ni wachache wanaokumbuka kuwa mkarafuu si mti wa asili ya Pemba. Aliyeufanya kuwa zao kuu la biashara la visiwa hivi ni mtawala aliyezaliwa Oman mwaka 1791, Seyyid Said bin Sultan.

Baba yake, Sultan bin Ahmad, aliuawa baharini mwaka 1804. Miaka miwili baadaye Said, akiwa kijana wa takriban miaka 15, alimuua binamu yake Badr bin Seif na kushika utawala wa Muscat. Oman ni nchi kame, na mapato yake mengi yalitegemea bahari na ushuru wa forodha. Kwa hiyo kijana huyo alijifunza mapema kuitazama nchi kwa jicho la mfanyabiashara.

Mwanzoni mwa miaka ya 1820 majeshi yake yaliwaondoa Wamazrui wa Mombasa katika kisiwa cha Pemba. Wakati huo Pemba ilisifika kwa mpunga, na Mombasa iliitegemea kwa chakula. Wamazrui walipoipoteza Pemba walipoteza ghala lao, na mwaka 1837 Mombasa yenyewe ikaangukia mikononi mwa Said. Alifika Unguja kwa mara ya kwanza mwaka 1828, na ilipofika karibu mwaka 1840 alikuwa ameyafanya makao yake makuu huko.

Karafuu yaingia

Asili ya karafuu ni visiwa vya Maluku, katika nchi ambayo sasa ni Indonesia. Waholanzi walizilinda kwa ukali ili mche usitoke nje, lakini mwaka 1770 Mfaransa Pierre Poivre alifanikiwa kupata miche na kuipeleka Mauritius. Kutoka visiwa vya Mauritius na Réunion, mikarafuu ikaletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Anayetajwa kuileta ni mfanyabiashara wa Kiomani, Saleh bin Haramil. Miti hiyo ilipandwa Mtoni na Kizimbani, na baadaye Said aliyatwaa mashamba ya Saleh.

Jambo la kuangalia ni kwamba huko karafuu ilikotoka wakulima walikuwa wanaelekea kwenye miwa. Vimbunga vya mwaka 1806 na 1807 viliharibu mibuni na mikarafuu ya Réunion, na mwaka 1825 Uingereza ilipunguza ushuru wa sukari ya Mauritius. Visiwa hivyo viwili vikawa nchi za sukari na za ramu, yaani pombe inayotengenezwa kwa kuchachusha masalio ya miwa na kuyachemsha hadi mvuke wake ukusanywe.

Said naye alijaribu miwa Unguja, lakini haikufika mbali. Mwenye shamba anaweza kuielewa hesabu yake. Muwa ukishakatwa unatakiwa kusagwa upesi kabla utamu haujapungua, hivyo unadai mashine, kuni na mafundi karibu na shamba. Katika visiwa vya miwa, mauzo ya ramu yalisaidia kufidia gharama hizo. Katika nchi ya Kiislamu mlango huo ulikuwa mwembamba. Karafuu ilihitaji mikono ya kuchuma, jamvi na jua. Ikikauka hukaa muda mrefu ghalani, na mzigo mdogo hubeba thamani kubwa.

Amri ya mikarafuu mitatu

Said aliamuru kila mwenye shamba apande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja, na asiyetii alitishiwa kunyang'anywa ardhi. Wakati huohuo alitafuta soko. Alitia saini mikataba ya biashara na Marekani mwaka 1833, Uingereza mwaka 1839 na Ufaransa mwaka 1844. Katika mkataba wa Marekani ushuru wa bidhaa zinazoingia uliwekwa asilimia 5. Forodha aliikodisha kwa wafanyabiashara wa Kihindi, akiwamo Jairam Shivji, waliomlipa kiasi maalumu kila mwaka. Mwaka 1840 meli yake, Sultana, ilifika New York ikiwa na shehena ya biashara.

Hata hivyo, mafanikio hayo yalikuwa na upande wa pili. Kazi ya mashamba ilifanywa na watumwa waliotolewa bara kwa nguvu. Mwaka 1845 Said alikubali kwa shinikizo la Uingereza kuzuia watumwa wasisafirishwe nje ya milki zake za Afrika, lakini ndani ya milki hizo biashara iliendelea. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897 tu, miaka 41 baada ya kufa kwake. Mizani ya karafuu ya zama hizo haikuwahi kupima gharama hiyo.

Upande mwingine ni bei. Mkarafuu huanza kuzaa baada ya miaka sita hadi minane, na hufikia nguvu yake kamili baadaye sana. Kila mtu alipanda bei ikiwa juu, na mazao yakafika sokoni kwa pamoja. Kufikia miaka ya 1850 frasila ya karafuu, yaani kama kilo 16, iliuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei ya miaka ya 1830. Nao mti si mahindi, hauwezi kung'olewa msimu ujao na kupandwa kingine.

Pemba yashika usukani

Said alifariki tarehe 19 Oktoba 1856 akiwa melini, akirejea Unguja kutoka Oman. Milki yake iligawanywa kati ya wanawe, Thuwaini akabaki na Oman na Majid akapata Zanzibar.

Hakuishi kuona Pemba ikiwa mama wa karafuu. Mwezi Aprili 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, huku Pemba ikisalimika kwa kiasi kikubwa. Bei ikapanda, wenye mashamba wakakimbilia Pemba, na tangu hapo kisiwa hiki ndicho kinachotoa sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar. Mpunga ulioilisha Mombasa ulirudi nyuma, na visiwa vikazoea mchele wa kuagiza.

Kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo wa leo, maisha ya Said yana mafunzo mawili. La kwanza, zao moja ni rehani. Katika karne ya 20 Zanzibar iliitegemea Indonesia, ambako karafuu huchanganywa na tumbaku ya sigara. Indonesia ilipojitosheleza kwa mashamba yake katika miaka ya 1980, maumivu yalifika hadi Pemba. Anayepanda mikarafuu asisahau muhogo, migomba na mpunga wa bondeni.

La pili, thamani iko pia kwenye kile kinachotupwa. Nchi za miwa zilipata ramu kutokana na masalio ya sukari. Pemba, kwa ufundi wa mvuke unaofanana na huo, hupata mafuta kutokana na makonyo katika kiwanda cha Wawi, Chake Chake. Karafuu yenyewe haiishii kwenye pilau, chai na dawa ya jino. Huingia kwenye sabuni, manukato na hata ramu za viungo zinazopendwa katika visiwa vya Karibi. Said aliuza karafuu kavu kwa frasila. Faida kubwa zaidi iko kwa atakayeiuza ikiwa imeshasindikwa.