Kutoka Misl hadi Sarkar: Ranjit Singh na Kuinuka kwa Ukoo wa Sukerchakia

1.0 Utangulizi

Katika historia ya Punjab ni majina machache yaliyovuma kama lile la Ranjit Singh (1780–1839), mtawala aliyeyaunganisha makundi ya wapiganaji wa Kisingasinga na kuyafanya dola moja. Maisha yake yamesimuliwa mara nyingi kama ngano ya ushujaa. Makala hii inayatazama kwa namna nyingine. Inadai kwamba Ranjit Singh alijipatia ufalme kwa kuyahifadhi majina ya usawa huku akiibadili maana yake, na kwamba mwanya huo kati ya jina na kitu ulichangia sana kuiangusha nyumba yake katika muda wa miaka 10 baada ya kifo chake.

Maneno matatu yanatosha kulifuatilia jambo hili, na yote yana ndugu zake katika Kiswahili. Misl, yaani kikosi au ukoo wa wapiganaji, huhusishwa na neno la Kiarabu lililotupatia mithili. Khalsa, jina la jumuiya ya Masingasinga iliyoasisiwa na Guru Gobind Singh mwaka 1699, lina asili moja na halisi. Sarkar ni neno la Kiajemi, nalo ndilo lililozaa serikali.

2.0 Misl na Maana ya Usawa

Dola ya Mughal ilipodhoofika, na majeshi ya Ahmad Shah Durrani kutoka Afghanistan yalipoanza kuivamia Punjab, Masingasinga walijipanga katika vikosi vya wapanda farasi. Mwaka 1748 vikosi hivyo viliunganishwa mjini Amritsar kuwa jeshi moja, Dal Khalsa, chini ya Jassa Singh Ahluwalia. Kila kikosi kiliitwa misl. Wapo wataalamu wanaolihusisha neno hilo na jalada la orodha ya wapiganaji. Wengine husisitiza maana ya kufanana, yaani kundi la watu walio sawa.

Kwa mujibu wa mapokeo, misl zilikuwa 12, na kila moja ilikuwa na sardar wake. Vijiji vilivyohitaji ulinzi viliilipa misl sehemu ya mavuno, ambayo kwa kawaida ilikuwa moja ya tano. Mpango huo uliitwa rakhi. Masuala ya wote yalijadiliwa mbele ya Akal Takht, Amritsar. Azimio lililopitishwa hapo, gurmata, lilimfunga kila mmoja kwa kuwa lilihesabiwa kuwa ni kauli ya Guru mwenyewe. Kwa nadharia, basi, hapakuwa na sardar aliyekuwa juu ya mwenzake.

Ukoo wa Sukerchakia, uliopewa jina la kijiji ulikotoka, haukuwa mkubwa kuliko nyingine. Charat Singh, babu yake Ranjit Singh, ndiye aliyeuinua kwa kuwapiga vita Waafghani na kujijengea ngome huko Gujranwala. Alipofariki mwaka 1770, mwanawe Maha Singh aliendelea kuipanua himaya. Mwaka 1785 Maha Singh alishirikiana na misl ya Ramgarhia kuishambulia misl ya Kanhaiya karibu na Batala, na katika vita hivyo Gurbakhsh Singh, mrithi wa Kanhaiya, aliuawa. Mjane wake, Sada Kaur, hakulipiza kisasi. Badala yake alikubali kumwoza binti yake, Mehtab Kaur, kwa mtoto wa kiume wa adui yake. Bila ya ndoa hiyo, kupanda kwa Ranjit Singh ni vigumu kueleweka.

3.0 Kuunganishwa kwa Punjab

Ranjit Singh alipofushwa jicho la kushoto na ndui angali mdogo, na baba yake alifariki kabla yeye hajawa mtu mzima. Hakujua kusoma wala kuandika. Sada Kaur, mama mkwe wake, ndiye aliyekuwa nguzo yake ya kwanza. Mwezi Julai 1799 majeshi ya wawili hao yaliingia Lahore, mji ambao wakati huo ulikuwa mikononi mwa masardar watatu wa misl ya Bhangi. Wakuu wa mji, Waislamu kwa Wahindu, walikuwa wamemwita aje awaondolee utawala huo.

Mwaka 1801 alitawazwa kuwa Maharaja. Hata hivyo, sarafu alizozitoa hazikuwa na jina lake bali la Guru, na utawala wake uliitwa Sarkar-i-Khalsa, yaani serikali ya Khalsa. Aidha, lugha ya maandishi ya dola hiyo iliendelea kuwa Kiajemi, lugha ile ile ya utawala wa Mughal. Jina lilikuwa la jumuiya, ilhali mashine ya utawala ilikuwa ya kifalme.

Maana ya misl ilianza kufutika. Inaaminika kuwa gurmata ya mwisho ya enzi yake ilipitishwa mwaka 1805; baada ya hapo mashauri yalikatwa barazani kwake. Misl moja baada ya nyingine ilimezwa: Bhangi kwa nguvu, Nakai licha ya kuwa ndiko alikotoka mke aliyemzalia mrithi wake Kharak Singh, na Ramgarhia baada ya kufariki kwa mkuu wake. Fateh Singh Ahluwalia, aliyekuwa amebadilishana naye vilemba mwaka 1802 kuwa ishara ya udugu, alilazimika baadaye kukimbilia ng'ambo ya mto Sutlej. Mto huo ulikuwa ndio mpaka wake na Waingereza kwa mkataba wa Amritsar wa mwaka 1809.

Sada Kaur naye hakusalimika. Mwaka 1821, alipokataa kuiachia milki ya Kanhaiya, mkwe wake alimtia kizuizini na kuitwaa. Alifariki mwaka 1832 akiwa bado mfungwa wa mtu aliyemwezesha kuingia Lahore.

Pamoja na hayo, haifai kuyadharau mafanikio ya utawala huo. Multan ilitekwa mwaka 1818, Kashmir mwaka 1819, na Peshawar ikawekwa chini ya utawala wa moja kwa moja mwaka 1834. Kuanzia mwaka 1822 Allard na Ventura, waliowahi kulitumikia jeshi la Napoleon, walifunza askari wake mbinu za Kizungu. Fakir Azizuddin, Mwislamu, alisimamia mambo ya nje. Dina Nath, Mhindu, alishika hesabu za dola. Raia wa dini zote walipata amani ambayo Punjab haikuwa imeionja kwa vizazi kadhaa.

4.0 Hitimisho

Ranjit Singh alifariki mwezi Juni 1839. Kharak Singh na mwanawe Nau Nihal Singh walifariki mwaka 1840, na Sher Singh aliuawa mwaka 1843. Kiti kikabaki kwa Duleep Singh, mtoto wa miaka 5, chini ya uangalizi wa mama yake, Jind Kaur. Kwa kuwa hapakuwa tena na masardar wenye nguvu ya kuamua, wala mkutano wa kuwapatanisha, mabaraza ya askari yalijitwalia jina lililokuwa wazi: askari walidai kuwa wao ndio Khalsa, na kwamba serikali ni yao. Dai hilo lilikuwa na mantiki, kwani ndivyo sarafu na nyaraka zilivyokuwa zimesema kwa miaka 40.

Vita viwili dhidi ya Waingereza, vya 1845–46 na vya 1848–49, vilihitimisha mambo. Tarehe 29 Machi 1849 Punjab ilitwaliwa na Waingereza. Ukoo wa Sukerchakia ulikuwa umewaondoa wote waliokuwa mithili yake. Ulipoyumba, hapakuwa na aliyebaki wa kuushika mkono.