Ar-Razi, Tabibu Aliyepambanua Ndui na Surua

Katika matabibu wa Kiislamu wa zamani, ni wachache waliopata sifa kama Abu Bakr Muhammad bin Zakariya ar-Razi, ambaye Wazungu walimwita Rhazes. Alizaliwa yapata mwaka 251 Hijria, sawa na 865 Miladia, katika mji wa Rayy, karibu na Tehran ya leo, nchini Iran. Alikuwa mkuu wa hospitali ya mji wake, na baadaye wa hospitali ya Baghdad.

Husimuliwa kwamba alipotakiwa kuchagua mahali pa kujenga hospitali mjini Baghdad, alitundika vipande vya nyama pande mbalimbali za mji, akapachagua pale nyama ilipokawia kuoza. Kisa hiki kiwe cha kweli au kisiwe, chalingana na tabia yake ya kutazama kwanza na kunena baadaye. Vijidudu vinavyoozesha nyama havikupata kuonekana ila katika miaka ya 1670, pale Mholanzi Leeuwenhoek alipovitazama kwa vioo vyake vya kukuzia.

Zama hizo ndui na surua, ambayo wengine huiita ukambi, zilichanganywa kana kwamba ni maradhi ya jamii moja. Ar-Razi akaandika kitabu mahsusi cha kuzipambanua. Alionyesha kuwa maumivu ya mgongo ni dalili ya ndui zaidi, ilhali kichefuchefu na fadhaa huzidi katika surua. Akahimiza pia macho ya mgonjwa wa ndui yalindwe kwa kutiwa maji ya waridi, maana ndui ilipofua wengi.

Tena alitaka kujua mbona ndui haimrudii mtu aliyekwisha pona. Jawabu lake lilikuwa kwamba damu ya mtoto huchacha mithili ya maji ya zabibu, na ikishachacha mara moja haichachi tena. Jawabu hilo halikusimama, lakini swali lilikuwa la haki. Leo twajua kwamba ndui ililetwa na kirusi. Kirusi kikiingia mwilini, chembe nyeupe za damu huunda kingamwili za kupigana nacho, na mgonjwa akipona, baadhi ya chembe hizo hubaki zikimkumbuka adui. Akirudi, humkuta mlinzi yu tayari.

Ar-Razi hakuwaogopa wakubwa wa elimu. Aliandika kitabu cha kumkosoa Jalinus, tabibu mashuhuri wa Kiyunani, huku akikiri fadhila za mwalimu huyo juu yake. Wala hakuwasahau wanyonge, kwani aliandika kitabu kingine kwa ajili ya wasio na tabibu wa kuwaendea.

Uzeeni alipofuka macho, na akafariki mjini Rayy mwaka 313 Hijria, yaani 925 Miladia. Wanafunzi wake walikusanya maandishi aliyoyaacha, yakawa kitabu kikubwa cha al-Hawi, kilichofasiriwa kwa Kilatini mwaka 1279.

Katika maradhi yale mawili, moja limekwisha. Mtu wa mwisho kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa mpishi wa hospitali huko Merca, katika pwani ya Somalia, jirani zetu, mwaka 1977. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kuwa ndui imetoweka ulimwenguni.

Surua ingalipo, na ina hila ya peke yake. Hufuta sehemu ya ile kumbukumbu ya mwili, hata mtoto aliyepona akawa wazi kwa maradhi mengine kwa miezi, pengine miaka. Chanjo humfunza mwili adui huyo bila ya mtoto kuugua, na hapa Kenya hutolewa mtoto atimizapo miezi 9, kisha miezi 18. Basi mzazi ambaye mwanawe hajachanjwa asikawie kumpeleka. Mwenyezi Mungu amrehemu tabibu wetu, na awape watoto wetu siha njema. Amin.