Golitsyn, Aliyeitengenezea Ardhi Sikio

Wasomaji wenzangu, leo nataka niwajulishe Boris Golitsyn, aliyezaliwa Urusi mwaka wa 1862 katika ukoo wa mabwanyenye. Alianza kama mwanamaji, kisha akageukia fizikia.

Siku hizo, mashine nyingi za kupima mitetemeko zilichora kwa kalamu, na msuguano wa kalamu ulimeza mitikisiko midogo. Mwaka wa 1906 Golitsyn akaleta jambo jipya kabisa. Alifunga koili ya waya kwenye uzito unaoning'inia, akaiweka katikati ya sumaku. Ardhi ikitikisika, sumaku huenda nayo lakini koili hubaki nyuma, na hapo umeme kidogo huzaliwa. Umeme huo ulizungusha kioo kidogo cha galvanomita, na mwali wa taa ukachora kwenye karatasi ya picha. Hakuna kalamu, hakuna msuguano!

Golitsyn alifariki mwaka wa 1916, lakini wanaojiundia mashine hizi nyumbani bado hutumia koili na sumaku. Galvanomita tu ndiyo imepisha ampulifaya. Na hapa ndipo wengi huteleza: ampulifaya haichagui, hukuza mtetemeko pamoja na makelele. Basi nawaambia wenzangu wa sayansi, tengenezeni sikio zuri kwanza, ndipo mtafute sauti kubwa. Haraka haraka haina baraka.