Irma Stern na Wazee wa Unguja

Asimamaye ufuoni Mtongwe alfajiri huyaona maji ya Kilindini yakigeuka rangi mara tatu kabla watu hawajastaftahi. Nuru ya namna hiyo ndiyo aliyoikuta Unguja Bibi Irma Stern, mchoraji mashuhuri wa Afrika Kusini, alipofika mwaka 1939, akarudi tena 1945.

Alizaliwa Transvaal mwaka 1894, wazazi wake Mayahudi wa Kijerumani, na uchoraji akausomea Ujerumani. Kabla yake Wafaransa akina Claude Monet walikwisha toka nje na turubai zao, wakachora mti, maji au mtu kama nuru inavyompiga saa ile ile. Wajerumani aliofuatana nao Bibi Stern, hasa Max Pechstein, walizidi hapo: rangi iseme yaliyomo moyoni. Alipofanya maonyesho Cape Town mwaka 1922 alitukanwa magazetini. Hakujali.

Unguja alichora wanawake na bandari, lakini zaidi wazee wa Kiarabu. Kanzu nyeupe kwake haiwi nyeupe tupu. Hushika rangi za kando yake, kama tuionavyo barazani alasiri. Picha nyingine alizitia fremu za mbao za nakshi zilizotoka katika milango ya Unguja. (Sijui nyumba ya nani ilibaki bila mwimo!)

Picha moja ya mwaka 1945 huitwa Padri wa Kiarabu. Ajabu! Uislamu tangu lini ukawa na mapadri? Alikuwa shehe, kadhi, au mwalimu wa chuo? Jina la picha halituambii. Mwaka 2011 iliuzwa London kwa zaidi ya pauni milioni 3. Nyingine, ya 1939, ya Mwarabu aliyevaa nguo nyeusi, ilitolewa kuchangia utetezi wa Nelson Mandela na wenzake katika kesi ya uhaini iliyoanza 1956. Baadaye ikagunduliwa jikoni London, imebandikwa barua na vikaratasi. Mwaka 2015 ikanunuliwa kwa zaidi ya pauni 800,000.

Bibi Stern alitoa kitabu juu ya Unguja mwaka 1948, akafariki Cape Town 1966. Nyumba yake ilifanywa makumbusho mwaka 1971.

Mzee wa 1945 bado hana jina. Msomaji ambaye babu yake aliketi Unguja mbele ya bibi wa Kizungu mwenye brashi, na atutajie.