Fred Francis, fundi aliyetia umeme katika mbio za magari ya watoto

WATOTO wa Kitengela na Kajiado, sawa na wenzao katika sehemu nyingi za Kenya, kwa vizazi kadhaa wamejiundia magari ya waya na makopo na kuyaendesha kwa kijiti kirefu chenye usukani mkononi. Mtoto huiga kile anachokiona barabarani. Katika miaka ya 1960 na 1970, barabara ya Namanga ilipitiwa na magari ya Volkswagen Kombi yaliyowapeleka watalii katika mbuga ya Amboseli, na umbo lile la sanduku lenye uso wa mviringo halikuwa geni kwa wakazi wa miji hiyo.

Gari la waya lina kasoro moja tu: haliendi mpaka mwenyewe akimbie nalo.

Mbali na hapa, nchini Uingereza, Fred Francis alisumbuliwa na kasoro iliyo kinyume cha hiyo. Magari yake yalikwenda yenyewe, lakini mtoto akishayaachilia hakuwa na la kufanya ila kutazama.

Francis alizaliwa mwaka wa 1919. Alikuwa fundi wa kutengeneza vifaa na mitambo ya viwandani, na mwaka wa 1947, miaka miwili baada ya Vita Vikuu vya Pili kumalizika, alianzisha kampuni ya Minimodels. Mnamo 1952 alianza kuuza vigari vya bati vilivyoitwa Scalex. Chini ya kila kigari palikuwa na gurudumu la tano lililofichwa; mtoto alikikandamiza sakafuni, akakivuta nyuma ili kamani ijikaze, kisha akakiachilia kikachomoka.

Biashara ilinawiri, na kiwanda kikahamia mji wa Havant, kusini mwa Uingereza. Hata hivyo, kichezeo cha kamani huchosha upesi. Kufikia katikati ya mwongo huo, wanunuzi walikuwa wamepungua.

Ndipo Francis alipoona katika maonyesho ya vichezeo magari ya umeme yakizunguka njia yake bila mtu yeyote kuyaamuru. Wengine waliona ajabu ya umeme. Yeye aliona kilichokosekana, yaani mkono wa mchezaji. Huo ndio uliokuwa ubunifu wake hasa, kwani magari ya umeme ya kuchezea yalikuwako kabla yake.

Alirudi kiwandani akatia mota ndogo ndani ya vigari vyake vya bati. Njia aliitengeneza kwa mpira, akachimba mifereji miwili, mmoja kwa kila mshindani, na kando ya kila mfereji akalaza vipande vya chuma vya kupitisha umeme. Kigurudumu kilicho chini ya gari kiliingia mferejini, kikaliongoza gari na wakati huohuo kikachota umeme. Mchezaji alishika kitufe: akikibonyeza gari linakwenda, akikiachilia linasimama. Vidhibiti vya kuongeza na kupunguza mwendo vilikuja baadaye. Mfereji ulimwondolea mchezaji kazi ya usukani, lakini ulimwachia jambo gumu zaidi, nalo ni kujua wakati wa kupunguza mwendo kabla ya kona.

Jina alilipata kwa kuunganisha Scalex na neno la Kiingereza la umeme, likawa Scalextric. Mwaka wa 1957 aliyaonyesha magari hayo, yakiwamo Maserati 250F na Ferrari, katika maonyesho ya Harrogate. Maagizo yalimiminika kuliko uwezo wa kiwanda chake.

Mafanikio hayo ndiyo yaliyomtenga na kazi yake. Mwaka wa 1958, mwaka mmoja tu baadaye, Francis aliiuza Minimodels kwa Lines Bros, kampuni kubwa ya vichezeo iliyomiliki jina la Tri-ang. Ni vigumu kumlaumu. Mtu aliyeshindwa kutimiza maagizo ya maduka angepitwa na wenye mitaji. Bati liliondolewa, plastiki ikaingia, na jina la Scalextric likaenea duniani huku la mwasisi wake likibaki kwa wapenzi wachache wa mchezo huo. Lines Bros nayo iliporomoka mwaka wa 1971, lakini mchezo ukaendelea mikononi mwa wengine.

Francis alifariki mwaka wa 1998. Magari yake yalikuwa ya mashindano, mafupi na yaliyolala chini. Baada yake, mafundi wa nyumbani wameendelea kuingiza mferejini magari ambayo hayakukusudiwa kwa mbio, ikiwamo Kombi ya zamani, na hapo hesabu hubadilika.

Kwa kipimo cha moja kwa 32, Kombi huwa na urefu wa sentimita 13 hivi, kimo cha sentimita 6 na upana unaopungukiwa kidogo na kimo hicho. Abiria yeyote wa matatu anaelewa maana yake: gari refu kuliko upana wake hupinduka kwenye kona. Kwa hiyo fundi huikwangua bodi kwa ndani, hasa paa, mpaka iwe nyembamba kama ganda la yai. Mota hulazwa chini kabisa karibu na ekseli ya nyuma, na vipande vya risasi hugandishwa juu ya chesisi ili uzito ukae chini. Wengine huongeza sumaku inayovutwa na vyuma vya njia. Ulimi wa kuongozea hufungwa mbele kadiri inavyowezekana, na nyuzi zake za shaba huchanuliwa ziguse chuma sawasawa, kwani zikiinuka kidogo tu gari hukwama katikati ya mzunguko. Kisha bodi hufungwa kwa skrubu zilizolegezwa kidogo, ili itikisike peke yake bila kuling'oa gari mferejini.