H. G. Wells na Wasomaji wa Vita vya Mirihi

Wahenga walinena kuwa mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Methali hii ni ya Waswahili, lakini maudhui yake ndiyo yaliyobebwa na riwaya ya Mwingereza mmoja, H. G. Wells, iitwayo The War of the Worlds, iliyotoka kama kitabu mwaka 1898. Katika riwaya hiyo, viumbe kutoka sayari ya Mirihi wanashuka nchini Uingereza na kuwatenda Waingereza yale ambayo Waingereza wenyewe walikuwa wakiwatenda wengine. Aghalabu maisha ya Wells husimuliwa kama maisha ya mtabiri wa sayansi. Hata hivyo, kuyaeleza bila kuwataja wasomaji wake ni kusimulia nusu ya kisa. Wapo waliosoma riwaya hii wakaogopa, wapo walioisoma wakataka kulipiza kisasi, na yupo aliyeisoma akaunda roketi. Waliojiona wenyewe ndani yake ndio waliokuwa wachache.

Herbert George Wells alizaliwa tarehe 21 Septemba 1866 mjini Bromley, katika jimbo la Kent, karibu na London. Baba yake, Joseph, alikuwa mtunza bustani aliyegeuka mwenye duka dogo la vyombo vya kaure. Mapato ya duka yalikuwa haba, naye akawa akiyajazia kwa kucheza kriketi ya malipo. Mama yake, Sarah, alikuwa amefanya kazi ya utumishi katika nyumba za mabwanyenye kabla ya kuolewa, na baadaye ufukara ulimrudisha katika kazi hiyo, akawa msimamizi wa watumishi katika jumba la Uppark, Sussex. Kwa hivyo, tangu utotoni Wells aliyajua maisha ya wale wanaotazamwa kutoka juu.

Mwaka 1874, akiwa mtoto wa miaka saba, alivunjika mguu. Alipokuwa amelazwa, babake alimletea vitabu, na hapo mapenzi yake ya kusoma yakachipuka. Kuvunjika kwa koleo, kwa hakika, si mwisho wa uhunzi. Lakini umaskini haukumpa nafasi ya kusoma kwa utulivu. Kati ya mwaka 1881 na 1883 alikuwa mwanagenzi katika duka la vitambaa huko Southsea, akifanya kazi kwa takriban saa 13 kwa siku na kulala bwenini pamoja na wanagenzi wenzake. Aliichukia kazi hiyo mno. Hatimaye alimlazimisha mamake amwachilie, akaenda kuwa mwanafunzi-mwalimu katika shule ya Midhurst. Mwaka 1884 alipata ufadhili wa kusomea ualimu wa sayansi huko South Kensington, London.

Huko ndiko alikokutana na mwalimu aliyeibadilisha fikra yake, Thomas Henry Huxley, mwanabiolojia aliyekuwa mtetezi mkuu wa nadharia ya Charles Darwin. Kutoka kwa Huxley, Wells alijifunza kwamba binadamu ni spishi moja miongoni mwa spishi nyingi, na kwamba maumbile hayajamwahidi yeyote kuwa atatawala milele. Somo hili ndilo uti wa mgongo wa riwaya zake za awali. Aliondoka chuoni mwaka 1887 bila shahada, akaenda kufundisha huko Wales, na katika mchezo wa kandanda akaumizwa vibaya. Figo lilidhurika, akaanza kutema damu. Ingawa alijipatia shahada ya Chuo Kikuu cha London mwaka 1890, afya yake ilizidi kuyumba hadi akalazimika kuiacha chaki na kuishika kalamu. Riwaya yake ya The Time Machine ilipotoka mwaka 1895, jina lake likaanza kuvuma.

Mwaka huohuo alihamia mji wa Woking, kusini magharibi mwa London, pamoja na Amy Catherine Robbins, aliyemwita Jane, ambaye alimwoa mwaka 1895 baada ya ndoa yake ya kwanza na binamuye Isabel kuvunjika. Huko alijifunza kuendesha baiskeli, akawa anazunguka vijiji na vichaka vya Surrey akiteua mahali ambapo Wamirihi wangetua na nyumba ambazo wangeziteketeza. Kiini cha riwaya, hata hivyo, kilitoka katika mazungumzo na kaka yake Frank. Wawili hao walikuwa wakitembea huku wakizungumzia kisiwa cha Tasmania, ambako walowezi wa Kiingereza waliofika kuanzia mwaka 1803 waliwaua na kuwafukuza wenyeji hata ikasemekana wakati ule kwamba wameangamia kabisa, ingawa vizazi vyao vingalipo hadi leo. Frank akajiuliza ingekuwaje iwapo viumbe kutoka sayari nyingine wangeshuka ghafla na kuwafanyia Waingereza vivyo hivyo. Wells aliipokea mbegu hiyo, na kitabu kilipotoka alikitabaruku kwa jina la Frank.

Riwaya yenyewe ni nyepesi kimsuko. Vyombo vyenye umbo la mcheduara vinaanguka kutoka angani, na kutoka ndani yake wanatoka viumbe wenye vichwa vikubwa na mikono mfano wa minyiri ya pweza. Wanaunda mashine ndefu za miguu mitatu, wanachoma miji kwa mwale wa joto, wanamwaga moshi mweusi wa sumu, na wanajilisha kwa damu ya binadamu. Jeshi la taifa lililokuwa na nguvu kuliko yote duniani linasambaratika kwa siku chache. Mwishowe Wamirihi wanakufa, lakini si kwa mizinga. Wanauawa na bakteria, vijidudu ambavyo miili yao haikuwa na kinga dhidi yake. Mapema kabisa, katika sura ya kwanza, msimulizi anawakumbusha wasomaji yaliyowapata Watasmania, na anawataka wafikiri kabla ya kuwahukumu Wamirihi kwa ukali.

Ni muhimu kuuzingatia wakati. Riwaya ilianza kutoka kwa mfululizo katika jarida la Pearson's mwezi Aprili 1897. Miezi miwili baadaye, London ilifurika majeshi na wawakilishi kutoka kila pembe ya himaya kusherehekea miaka 60 ya utawala wa Malkia Victoria. Afrika Mashariki ilikuwa imetangazwa kuwa himaya ya Uingereza mwaka 1895, na tangu mwaka 1896 reli ilikuwa ikijengwa kutoka Mombasa kuelekea bara. Katika shamrashamra hizo, Wells alikuwa akiwaonyesha wasomaji wake wakimbizi wa Kiingereza wakikanyagana barabarani.

Je, wasomaji hao waliona nini? Hans Robert Jauss, aliyeasisi Nadharia ya Upokezi katika miaka ya 1960, alishikilia kwamba kila kizazi huiendea kazi ya fasihi kikiwa na upeo wake wa matarajio. Upeo wa Waingereza wa 1897 unaweza kutambulika. Kwa upande mmoja, tangu kitabu cha The Battle of Dorking cha mwaka 1871, walikuwa wamezoea hadithi za nchi yao kuvamiwa na majeshi ya Ulaya. Kwa upande mwingine, Giovanni Schiaparelli alikuwa ametangaza mwaka 1877 kwamba ameona mistari juu ya Mirihi, na Percival Lowell akadai katika kitabu chake cha mwaka 1895 kwamba mistari hiyo ni mifereji iliyochimbwa na viumbe wenye akili. Basi riwaya ya Wells ilipofika, wengi waliipokea kama hadithi ya uvamizi yenye sayansi mpya ndani yake. Wahakiki walisifu jinsi alivyoyafanya mambo ya ajabu yatukie katika vitongoji wanavyovijua. Wengine walilalamikia ukatili wake. Lakini tarehe 2 Septemba mwaka uleule wa 1898, huko Omdurman nchini Sudan, jeshi la Uingereza na Misri liliwaua Wasudani wapatao 10,000 kwa bunduki za rashasha na mizinga, huku lenyewe likipoteza askari wasiozidi 50. London ilishangilia. Mwale wa joto ulikuwa umetumika kweli, na walioushika hawakuwa Wamirihi.

Ng'ambo ya bahari mambo yalikuwa ya ajabu zaidi. Magazeti mawili ya Marekani, moja la New York na jingine la Boston, yaliichapisha riwaya hiyo kwa kuigeuza, yakayahamisha maangamizi kutoka Surrey hadi katika miji ya wasomaji wao. Wells alipinga, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Kisha mwaka 1898 Garrett P. Serviss akaandika muendelezo ambamo mvumbuzi Thomas Edison anaunda merikebu za angani na kuongoza jeshi kwenda Mirihi kulipiza kisasi. Riwaya iliyowaonya watu juu ya kuvamia wengine ikawa imezaa hadithi ya kushangilia uvamizi. Hata hivyo, si kila msomaji alizaa matunda machungu. Kijana mmoja wa Massachusetts, Robert Goddard, aliisoma riwaya hiyo gazetini, na ndoto ya kufika Mirihi ikamkaa moyoni. Tarehe 16 Machi 1926 alirusha roketi ya kwanza duniani iliyotumia fueli ya majimaji, na mwaka 1932 alimwandikia Wells barua kumweleza athari ya kitabu hicho katika maisha yake.

Haki inadai isemwe pia kwamba Wells mwenyewe hakuwa msomaji mwema wa kazi yake. Katika kitabu chake cha Anticipations cha mwaka 1901, alipokuwa akiichora jamii ya usoni, aliandika kwa ubaridi kwamba mataifa yasiyo ya wazungu ambayo hayatamudu maendeleo mapya yatapaswa kutoweka. Inawezekanaje mtu aliyewalilia Watasmania mwaka 1898 aandike hivyo miaka mitatu baadaye? Swali hili haliwezi kufunikwa kwa sifa. Huenda jibu ni kwamba msanii huona mbali kuliko mwanasiasa aliyemo ndani yake. La kumtetea ni kwamba hakubakia hapo. Katika A Modern Utopia ya mwaka 1905 alitenga sura nzima kuzikejeli nadharia za ubora wa mbari moja juu ya nyingine.

Umaarufu wa riwaya ulipata sura mpya tarehe 30 Oktoba 1938. Orson Welles, mwigizaji kijana wa Marekani, aliitangaza redioni kama taarifa za habari, Wamirihi wakitua katika kijiji cha Grover's Mill, New Jersey. Baadhi ya wasikilizaji waliodakia kipindi katikati waliamini kwamba nchi imevamiwa. Magazeti ya asubuhi yaliandika kana kwamba taifa zima limeingia wazimu, ingawa watafiti wa baadaye wameonyesha kwamba hofu hiyo ilitiwa chumvi nyingi. Wells, aliyekuwa mzee wa miaka 72, alikasirika kazi yake kugeuzwa hivyo. Hata hivyo, wawili hao walipokutana San Antonio, Texas, mwezi Oktoba 1940, walizungumza redioni kwa bashasha. Wells hakuishi kuyaona ya Quito, Ecuador. Mwezi Februari 1949 kituo kimoja cha redio cha huko kilirudia mchezo huo, na wasikilizaji walipogundua kuwa wamedanganywa, wakalichoma moto jengo lililokuwa na redio hiyo na gazeti la El Comercio. Watu kadhaa walikufa. Hofu ya Wamirihi ilikuwa ya kubuni, lakini vifo vilikuwa vya kweli.

Wakati magazeti yakimjadili kama baba wa Wamirihi, Wells alikuwa akishughulika na jambo jingine. Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka, alitunga na kutetea tamko la haki za binadamu, na mwaka 1940 akachapisha kitabu kidogo juu yake. Tamko hilo lilitafsiriwa katika lugha kadhaa, Kiswahili kikiwa miongoni mwazo, na linahesabiwa kuwa mojawapo ya chemchemi za tamko lililopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1948. Wasomaji wake walikuwa wachache sana kuliko wale wa riwaya. Lakini hoja yake ilikuwa ileile iliyomo katika The War of the Worlds, sasa ikiwa imevuliwa vazi la hadithi: hakuna binadamu aliye halali kuliwa na mwenzake kwa sababu tu ana silaha duni.

Wells aliaga dunia nyumbani kwake London tarehe 13 Agosti 1946, akiwa na miaka 79. Mwili wake ulichomwa na majivu yakatawanywa baharini. Aliacha vitabu zaidi ya mia moja, vingi vikiwa vimesahaulika, na riwaya moja fupi ambayo kila kizazi kinaichukua na kuisoma upya.

Fasihi ya Kiswahili nayo haikukosa kuitazama dunia kutoka mbali. Katama Mkangi, katika Walenisi (1995), alimrusha mhusika wake Dzombo angani ili jamii aliyoiacha nyuma ionekane vyema zaidi. Msomaji wa Kiafrika anayeifungua riwaya ya Wells ana faida ambayo wasomaji wa London wa 1898 hawakuwa nayo. Hahitaji kuelezwa maana ya kuamka asubuhi na kukuta wageni wenye silaha zisizojulikana wamekwisha kuigawa ardhi. Kwake yeye, Wamirihi si wageni. Kazi iliyobaki, na ndiyo iliyo ngumu, ni kujiuliza ni nani leo anayemwona yeye kuwa Mmirihi.