Seyyid Barghash na Bandari Iliyogeuka Bustani

Sisi wakazi wa Galbet, hapa Garissa, bahari hatuioni. Maji yetu ni ya mto Tana. Hata hivyo yuko mtawala mmoja wa pwani ambaye mkono wake ulifika karibu nasi. Bendera yake nyekundu ilipepea Lamu na Kismayu, bandari zilizopokea pembe na ngozi kutoka bara.

Seyyid Barghash bin Said alizaliwa katika miaka ya 1830. Baba yake, Seyyid Said, alipofariki mwaka 1856, Unguja ilimwangukia kaka yake Majid. Mwaka 1859 Barghash alijaribu kumpindua, lakini Waingereza walimsaidia Majid, naye akapelekwa Bombay kwa miaka miwili. Hapana shaka aliyoyaona katika bandari ile kubwa hayakumtoka moyoni.

Alitawazwa Oktoba 1870, na taabu zikaanza mara moja. Mwaka 1872 kimbunga kilizamisha merikebu zake na kung'oa mikarafuu mingi ya Unguja. Mwaka uliofuata Waingereza walitishia kuizingira bandari yake kwa manowari, akatia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa. Tusifiche jambo hili: utajiri wa bandari ile ulijengwa pia juu ya migongo ya watu waliouzwa. Mwaka 1875 Wamisri nao wakaiteka Kismayu, wakaondoka baada ya miezi michache.

Barghash hakukata tamaa. Alinunua meli za moshi, akavuta maji safi ya chemchemi hadi mjini, na mwaka 1883 akajenga Beit al Ajaib, jumba refu linalotazama bahari, karibu na forodha ambako mahamali walitokwa jasho chini ya magunia ya karafuu. Lakini mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani ziligawana himaya yake kama nyama ya mnada. Alifariki Machi 1888, moyo mzito.

Baadaye shughuli za meli zilihamia Malindi, upande wa kaskazini wa mji. Mahali pa forodha pakawa bustani, nayo jina la Forodhani likabaki. Mwaka 2000 Mji Mkongwe ulitiwa katika orodha ya urithi wa dunia, na mwaka 2009 bustani ikafunguliwa upya baada ya kutengenezwa. Jioni wageni hula mishikaki na pweza pale palipolipiwa ushuru wa pembe. Jumba lenyewe liligeuzwa makumbusho, lakini Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka.

Ndugu msomaji, hapa pana funzo. Kupamba bandari ya kale ili wageni waje si vibaya, kwani huleta riziki. Lakini rangi mpya bila ukarabati wa kweli haizuii ukuta kuanguka. Na mgeni anayeonyeshwa jumba la Sultani bila kuelezwa habari za hamali na mtumwa, ameonyeshwa nusu ya bandari. Lamu, jirani yetu, ilipata gati lake jipya mwaka 2021. Bandari yake ya kale, yenye majahazi na watu wake, isingoje kufa ndipo ienziwe.